Nyuzi Kumi na Sita katika Jicho la Refa

Siku ile mwalimu Sekela alimtolea kadi nyekundu mtu ambaye hata hakuwa anacheza.

Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Diwani, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule, kule Chamazi, njia ya kwenda Mbande. Madereva wa bodaboda walikuwa wanacheza na wauza mboga wa sokoni, na watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa shule. Beki mmoja wa bodaboda akamkata mtama mshambuliaji wa sokoni pembeni kabisa mwa uwanja, mbele ya benchi la timu yake, kisha haraka akajichanganya na wenzake. Sekela, aliyekuwa refa wa kati, akaja mbio huku akipuliza filimbi. Akaingia katika lile kundi la jezi za njano, akachomoa kadi mfukoni, akainyanyua juu, mkono umenyooka kama alivyofundishwa chuoni.

Yule kijana aliyeonyeshwa kadi akabaki kumkodolea macho.

"Refa, mie nipo benchi," akasema kwa adabu kabisa. "Napasha misuli tu."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Watu waliokuwa ukutani nusura wadondoke. Sekela mwenyewe alicheka, maana ungefanyaje? Mshika kibendera wake, Kondo, akamsogelea na kumnong'oneza namba ya mkosaji wa kweli, kadi ikahamia kwa mwenyewe, mpira ukaendelea. Lakini jioni, Allen mume wake alipoanza kumsimulia jirani kisa kile huku akijipiga mapaja, Sekela aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia.

Alilia kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kuwa kile hakikuwa kichekesho. Hakuwa amemwona yule kijana. Aliona jezi ya njano na juu yake kitu cheusi mfano wa kichwa, basi.

Mambo hayo yalikuwa yamemwanza zaidi ya mwaka nyuma. Taa moja ya pikipiki ikija usiku, yeye aliona tano zinazokuja pamoja. Mpira ukipigwa juu ulikuwa na mkia. Darasani, alikokuwa akifundisha darasa la tatu, aliandika ubaoni kwa herufi zinazozidi kuwa kubwa, na watoto wakafurahi kwa sababu ubao ulijaa upesi na kazi ikawa chache. Alibadilisha miwani mara mbili, na yote akaiona haina maana. Mwishowe alianza kuchezesha mechi kwa masikio: alisikiliza mguu ukigonga mpira au ukigonga mfupa, alisikiliza watazamaji wa upande upi wamelalamika kwanza, na alitazama kibendera cha Kondo, ambacho kwa bahati kilikuwa chekundu na kikubwa.

Alikuwa na miaka thelathini na moja. Alizaliwa Tukuyu, akaja Dar kusomea ualimu, na huko chuoni ndiko alikoingia kwenye urefa, kwa sababu alikuwa na mbio na hakuwa na woga wa wanaume wanaopiga kelele. Aliupenda mno. Kuna watu hupata raha kanisani, kuna wanaoipata jikoni. Sekela aliipata katikati ya uwanja, mara tu baada ya filimbi ya kwanza, wakati wachezaji ishirini na wawili wanaanza kusogea na yeye anasogea nao.

Kesho yake Kondo alipita nyumbani. Kondo alikuwa Mzaramo wa palepale, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno machache na masihara mengi. Siku hiyo hakuleta masihara.

"Mwalimu, tuongee kiutu uzima," alisema. "Jana yule hukumwona."

"Jua lilikuwa linanipiga machoni, Kondo."

"Jua lilikuwa mgongoni kwako."

Kondo akaendelea, taratibu, "Mie nakaaga na moto wa kuchomelea siku nzima, macho nayaogopa. Wewe nenda kayaangalie. Ukikataa, mechi ijayo sishiki kibendera. Utachezesha na nani?"

Basi akaenda.

Daktari wa macho aliyempokea aliitwa Demetria, mama wa Kihaya mwenye sauti nene na mikono midogo kama ya mtoto. Alimweka Sekela kidevu kwenye mashine, akamwangaza jicho moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza. Kisha akazima taa na kuvuta kiti.

"Mwalimu, utotoni ulikuwa unafikicha macho?"

"Sana. Yalikuwa yananiwasha. Mama alinichapa kwa hilo."

"Mama alikuwa na haki. Sasa sikia. Mbele ya jicho kuna kioo, tunakiita konea. Kinatakiwa kiwe cha mviringo mzuri. Cha kwako kimekuwa chembamba na kimechongoka kama yai upande wake mwembamba. Mwanga ukiingia unatawanyika, ndiyo maana unaona vitu vingi mahali pa kimoja. Jicho la kushoto bado tunaweza kulisaidia kwa lenzi ngumu. La kulia limeshavuka hapo. Lina kovu pia. Tutatoa kile kioo katikati, tuweke kingine, tukishone."

"Kingine cha nani?"

"Cha mtu aliyefariki, aliyekubali macho yake yatumike. Hatutaambiwa ni nani, na yeye hakujua atamsaidia nani."

Sekela akauliza, "Nitarudi uwanjani?"

Dkt. Demetria alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Nimefanya kazi hii miaka mingi. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hilo kabla ya kuniuliza kama itauma. Tutaona. Kwanza tupate kioo."

Kupata kioo kulichukua miezi. Sekela aliacha kuchezesha, akawa anakaa nje ya uwanja na kuuliza watu nani ana mpira. Kisha asubuhi moja, yupo darasani anafundisha kugawanya, simu ikalia. Kioo kimefika, mgonjwa aje. Aliwaacha watoto na hesabu ubaoni, akampigia Allen, na kufikia kesho yake mchana alikuwa amelala kitandani chini ya taa kubwa, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu moja tu, jicho limekufa ganzi. Dawa ya kutuliza ilimfanya awe kama mtu anayesinzia kwenye ibada ndefu. Alisikia vyuma vikigongana, alisikia muuguzi akiulizwa kama amekula, na alisikia Dkt. Demetria akihesabu kwa sauti ya chini, kila uzi na namba yake. Alipofika kumi na sita akasema, "Tumemaliza, refa. Hakuna dakika za nyongeza."

Sekela akajaribu kucheka, akaambiwa asitikisike.

Sasa ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa maana upasuaji ni wa daktari, lakini kupona ni kwa mgonjwa na watu wa nyumbani kwake. Masharti yalikuwa mengi. Asiiname kichwa kikawa chini ya kiuno. Asinyanyue ndoo. Asijimwagie maji usoni. Asikae kwenye moshi. Alale na kifuniko cha plastiki chenye matundu kilichobandikwa juu ya jicho, asije akalipiga kwa mkono usingizini. Na asifikiche, asifikiche, asifikiche kamwe. Juu ya hayo yote kulikuwa na dawa ya matone, chupa mbili, moja ya kuzuia vijidudu na nyingine ya kuutuliza mwili usikikatae kile kioo kigeni.

Mtiaji wa matone alikuwa Allen. Na Allen, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwanamume wa karibu mita mbili na kilo zake za kutosha, alikuwa hawezi kabisa kutazama jicho la mtu. Ilikuwa ndiyo kwanza wanaingia mwaka wa pili wa ndoa, na Sekela hakuwa amelijua hilo. Siku ya kwanza tone liliangukia kwenye nyusi. La pili likaingia puani. La tatu Allen alilitia akiwa amefumba macho yake mwenyewe.

"Allen, hilo ni sikio."

"Samahani, mke wangu. Tulia."

"Mie nimetulia. Wewe ndiye unayetetemeka."

Alipofanikiwa hatimaye, alipotazama akaona duara jekundu na ndani yake vijiuzi vyeusi vyembamba kuliko unywele, vimepangwa kama spoku za baiskeli, alikaa kitandani, akainamisha kichwa, na ikabidi mgonjwa ndiye ampepee.

Mama yake Sekela, Tupokigwe, aliposikia hivyo kwenye simu, hakuuliza swali la pili. Alipanda basi Tukuyu na maparachichi gunia zima, ndizi, maharage mapya, na kifurushi cha majani makavu kilichofungwa kwa kitenge.

"Shikamoo mama," Allen alimpokea mlangoni kwa furaha ya mtu aliyeokolewa.

"Marahaba, baba. Ndaga, asante kwa kumtunza. Pumzika sasa."

Yale majani yalileta mzozo kidogo. Mama alikuwa amekusudia kuyachemsha na kumfukizia mwanawe. Sekela alikataa, mama akanuna, Allen akajifanya ana simu nje. Mwisho walikwenda wote kliniki, na mama akamweleza Dkt. Demetria nia yake bila kuficha. Daktari hakumcheka. Alimwita kwenye ile mashine, akamruhusu atazame jicho la binti yake kupitia kioo cha kukuza. Mama Tupokigwe alitazama kwa muda mrefu sana. Alipoinua uso alikuwa amebadilika.

"Mwe! Mwanadamu ameshona haya?" akauliza. "Kwa mikono hiyo midogo?"

"Ndiyo, mama. Na mvuke wa moto ukipiga hapo, kazi yangu yote inaharibika."

"Majani nitampa jirani mwenye mafua," alisema mama, na tangu hapo akawa sajenti wa matone. Hakuamini simu, kwa sababu simu huishiwa chaji. Msikiti ulikuwa mtaa wa pili, na dawa moja ilitakiwa nyakati zinazokaribiana na saa za swala, basi mama, Mkristo wa Moravian tangu kuzaliwa, akawa anamtia mwanawe dawa kwa adhana. Ikianza tu, anaacha sufuria na kunawa mikono. "Yule muadhini ni muuguzi wetu," alimwambia Hamida, jirani muuza maandazi, "na hajawahi kuchelewa hata siku moja." Hamida alilifikisha neno hilo kwa muadhini, na inasemekana alifurahi sana.

Wageni walikuja makundi kwa makundi. Kila mmoja alitaka kuziona nyuzi. Je, zilishonwa kwa cherehani? Zitaoza zenyewe? Sasa ataona mambo aliyokuwa anayaona marehemu? Kondo alifika na miwani yake nyeusi ya kuchomelea, akamkabidhi Sekela kama zawadi.

"Ukiivaa hii hakuna moto utakaokupata, refa."

"Na wala sitaona kitu."

"Kwani ulikuwa unaona?"

Walicheka wote, mpaka Kondo alipowasha tochi ya simu na kutaka kusogelea jicho, hapo mama akamtoa nje kwa ufagio.

Lakini lile swali la marehemu lilibaki kichwani kwa mama. Wiki kadhaa zilipita, ukungu machoni mwa Sekela ulianza kupungua, akawa anaona dirisha, kisha nondo za dirisha, kisha kunguru juu ya waya. Daktari akasema kioo kimekaa vizuri. Siku hiyo walipotoka kliniki mama hakufurahi kama ilivyotarajiwa. Jioni, akichambua maharage, akasema:

"Sekela, mtu kafa."

"Nani, mama?"

"Huyo mwenye jicho. Mtu kafa, sisi tumechukua kitu chake, tumekaa nacho ndani, na hakuna aliyekwenda kumlilia. Kwetu mtu akikuachia hata jembe tu, unakwenda msibani. Huyu kaacha jicho!"

"Mama, hatumjui. Huenda hata si wa nchi hii."

"Kwani wa nchi nyingine hawaliliwi?"

Jumamosi iliyofuata mama akatandika mikeka uani, akapika ndizi na maharage, chai ya tangawizi ikawekwa kwenye birika kubwa la kuazima. Hamida alileta maandazi. Majirani wakaja, wengine wakiwa wamevaa kanga za msiba, na kila aliyeingia aliuliza swali lilelile.

"Pole sana mama. Marehemu ni nani?"

"Hatumjui."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Hatukuambiwa."

Watu walitazamana. Mzee mmoja akataka kujua basi atazikwa wapi, akaambiwa ameshazikwa, mbali. Ni Hamida aliyekata maneno. Alivuta mkeka, akaketi, akasema, "Basi ni marehemu wetu. Tukae." Wakakaa. Mume wa Hamida, mwalimu wa madrasa, aliinua mikono na kumwombea dua mtu huyo asiyejulikana jina, Mungu amlaze pema na awape subira watu wake popote walipo. Mzee wa kanisa akaomba naye. Kisha mama Tupokigwe akaanzisha wimbo wa Kinyakyusa, peke yake, kwa sauti nyembamba isiyotetereka, na waliokuwa hawajui maneno wakaitikia kwa kuguna.

Sekela alikuwa ameegemea ukuta. Kwa jicho lile jipya aliona kanga za rangi rangi, na mvuke wa chai, na mikono iliyoinuliwa. Aliwaza kuwa kioo hiki kimewahi kutazama uani pengine kabisa, na watu wengine, na huenda kiliona harusi na mvua na nyuso za watoto. Machozi yakamjia. Mkono ukapanda wenyewe.

"Lia," mama akamwambia kati ya beti mbili, "lakini usifikiche."

Akalia bila kufikicha, Allen akimfuta mashavuni kwa leso, na watu walipoona hivyo wengine wakaangua kicheko katikati ya machozi. Chai ikamiminwa. Walikaa mpaka jua linazama, na walipoondoka kila mtu alijiona kama amefanya jambo la maana.

Mama alirudi Tukuyu mvua zilipoanza, maana shamba halisubiri. Sekela alirudi darasani akiwa na miwani ya jua, na wanafunzi wakampa jina la msanii mmoja au mwingine kila wiki. Kuona kwake kulikuwa na vituko. Siku nyingine alisoma vizuri, siku nyingine milango ilikuwa imepinda na watu warefu walionekana wameinamia upande. Dkt. Demetria alimweleza kwamba nyuzi zingine zimekaza kuliko nyingine na zinakivuta kioo. "Kama turubai la msiba," alisema. "Kamba ikikaza sana upande mmoja, hema linapinda. Tunalegeza moja, tunatazama, tunasubiri." Basi kila baada ya muda aliondoa uzi mmoja au miwili, na kila mara dunia ikanyooka kidogo.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya mashaka.

Jana yake shuleni kulikuwa na mechi ya watoto, darasa la tatu na la nne, na mwalimu wa michezo hakuja. Sekela alijizuia, akajizuia, mwisho akachukua filimbi. Hakukimbia. Alisimama katikati na kupuliza tu, na alifurahi kama mtu aliyerudi kwao. Kulipokucha alihisi kama ana mchanga jichoni. Mwanga wa dirishani ulimchoma. Kwenye kioo cha ukutani jicho lilikuwa jekundu, machozi yanatiririka, na glasi iliyokuwa mezani hakuiona sawasawa. Daktari alimwonya tangu mwanzo: wekundu, maumivu, mwanga kuumiza, kuona kupungua, usingoje kesho. Huenda mwili umekikataa kile kioo.

"Nimeliharibu," alimwambia Allen. "Nilipuliza filimbi jana. Nimeliharibu jicho la watu."

Allen alishavaa shati la kazini. Alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani, na akamtazama ndani ya jicho bila kupepesa. Yule aliyekuwa akitia dawa kwenye masikio!

"Kuna kitu kimesimama hapa pembeni," alisema. "Kama kiunywele. Tunaondoka sasa hivi."

Alipiga simu kazini akiwa tayari ndani ya bajaji. Njia nzima alimshika mkono wa kulia, ule unaopenda kupanda.

Dkt. Demetria alimketisha kwenye mashine na kuguna. "Uzi umekatika. Ncha moja imechomoza, inakuna kope kila ukipepesa. Hicho ndicho mchanga wako." Alimtia ganzi, akachukua kikoleo chembamba kama mwiba, na kabla Sekela hajamaliza kuvuta pumzi uzi ulikuwa nje. Allen, aliyekuwa anafuatilia kwenye televisheni ndogo ya ukutani ambako jicho lilionekana kubwa kama sinia, aliteremka taratibu akajikuta sakafuni.

"Nimekaa tu," alisema walipomgeukia. "Endeleeni."

"Daktari," Sekela alisema, "nilichezesha mechi ya watoto jana. Nilipuliza filimbi."

"Ulipigwa na mpira?"

"Hapana."

"Ulifikicha?"

"Sikuthubutu."

"Basi filimbi haikati uzi, mwalimu. Uzi umekaa jichoni miezi yote hii, umechoka, umekatika. Hufanya hivyo. Nimekitazama kioo chako, ni safi, hakuna dalili ya kukataliwa. Nitakuongezea matone kwa muda, utarudi wiki ijayo. Ulichofanya vizuri ni kuja leoleo. Kuna wanaonunua dawa ya duka la dawa wakasubiri wiki mbili, hao ndio wananifanya nisilale."

Walitoka nje, wakanunua maji ya madafu barabarani, wakanywa wamesimama, kila mmoja akitabasamu.

Uzi wa mwisho ulitolewa zaidi ya mwaka baada ya wa kwanza kushonwa. Sekela alipewa miwani mipya kwa jicho lile na lenzi ngumu kwa lile jingine, na siku ya kuivaa alitembea kutoka kituoni hadi nyumbani polepole, kama mtalii. Majani ya mwarobaini yalikuwa yamejitenga moja moja. Mabango ya mafundi simu yalisomeka toka ng'ambo ya barabara, na mengi yalikuwa na makosa ya tahajia. Alipofika, Allen alikuwa anapasi.

"Kumbe una mvi," Sekela alimwambia.

"Mbili tu."

"Saba."

"Nimezipatia kwenye matone."

Shuleni waliopata hasara ni watoto wa madawati ya nyuma, ambao kwa muda mrefu walikuwa wakila ubuyu wakati wa hesabu kwa amani kamili.

Kuhusu uwanja, Dkt. Demetria alichukua muda kujibu. Mahali palipounganishwa, alisema, hapatakuwa na nguvu ya jicho la kuzaliwa nalo hata siku moja. Mpira wa karibu usoni ni hatari. Mwishowe akaruhusu, kwa masharti: miwani ya michezo isiyopasuka yenye mkanda wa kufunga nyuma ya kichwa, asikae karibu na ukuta wa wachezaji wakati wa mpira wa adhabu, na jicho likibadilika kidogo tu, aje. Sekela alirudi mazoezini alfajiri kwa alfajiri mpaka pumzi ikarudi, akafanya mtihani wa mbio wa waamuzi pamoja na vijana waliomaliza kozi juzi, na akawapita wengi wao.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Chanika, kwenye uwanja uliozungukwa na mihogo na nyumba ambazo hazijaezekwa, timu mbili za vijana wa huko. Kondo alikuja kushika kibendera. Filimbi ya kwanza ilipolia na watu wakaanza kusogea, Sekela alisogea nao, na aliona kila kitu: namba migongoni, kamba za viatu zilizolegea, vumbi likinyanyuka pale mguu ulipogusa kabla ya mpira. Aliona mkono uliovuta jezi kona ya mbali, akapuliza. Aliona beki akijiangusha kwa uongo, akamwambia ainuke, na beki akainuka akicheka kwa sababu alijua ameonekana.

Zaidi ya hapo mechi yenyewe ilikuwa mbovu. Hakuna aliyepiga shuti la maana. Watazamaji wengi waliondoka kipindi cha pili, na waliobaki walikuwa wakibishana juu ya bei ya viwanja. Hakuna aliyemtukana refa wala kumsifu, na mwisho wa mchezo vijana walimpa mkono mmoja mmoja na kwenda zao kama vile hakuna jambo lolote lililotokea. Sekela hakumbuki siku aliyoondoka uwanjani na furaha kama ile.

Jioni alipiga simu Tukuyu.

"Shikamoo mama. Nimechezesha leo."

"Marahaba, mwanangu. Jicho?"

"Zima kabisa."

"Asante Mungu. Haya, nani kashinda?"

"Hakuna, mama. Bila kwa bila."

"Mwe! Watu wazima wote hao, jua lote hilo, na hakuna aliyeshinda? Sasa mlikwenda kufanya nini?"

Sekela alicheka mpaka Allen akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Alitaka kumweleza mama, akaona halielezeki kwenye simu.

"Kukimbia tu, mama," alisema. "Tulikwenda kukimbia."

"Haya," alisema mama Tupokigwe. "Na umekula?"